Lubumbashi: Katika bunduki moja, ni kipande gani ndicho bunduki?

Polisi au jeshi wakikamata silaha huku kwetu Lubumbashi, mambo huenda kwa namna ileile. Turubai linatandikwa chini, bunduki zinapangwa mstari, washukiwa wanakalishwa nyuma yake, mkubwa anasema maneno machache mbele ya maikrofoni, na sisi waandishi wa habari tunapiga picha na kuhesabu. Jioni habari inatoka: AK-47 kadhaa, magazini kadhaa, risasi kadhaa. Nimeandika habari za aina hiyo mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Sijawahi hata siku moja kuinama nisome namba iliyopigwa kwenye chuma.

Tena hata kuhesabu kwenyewe si jambo rahisi kama tunavyolichukulia. Bunduki ya vita si kitu kimoja kama shoka. Ni vipande vingi vilivyoshikana: mtutu, kitako, kifyatulio, magazini, bolti inayokwenda mbele na nyuma, springi, pini. Karibu kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kutolewa na kingine kikaingia mahali pake. Kitako kikivunjika, kinabadilishwa. Mtutu ukichakaa, hivyo hivyo. Baada ya miaka 40 ya kazi, bunduki inaweza kuwa haina tena hata nusu ya vipande vilivyotoka nayo kiwandani. Je, bado ni bunduki ileile? Na akiuliza hakimu, ni kipande gani kati ya hivyo vyote ambacho kwa sheria ndicho bunduki, na vingine ni vipuri tu?

Swali hili linaonekana la mafundi, lakini limechukua miaka ya ubishi mahakamani Marekani, limebadilisha sheria za Ulaya, na linatuhusu sisi wakaaji wa mji ambao umeingiwa na silaha za kila vita tangu mwaka 1960.

Kipande chenye uzito katika swali hili ni ule mwili wa chuma ulio katikati ya bunduki, mahali ambapo vipande vingine vyote vinakutana. Mbele yake mtutu unaingia, ndani yake bolti inatembea, chini yake magazini inakaa, nyuma yake kuna kitako. Kwenye bunduki nyingi za kisasa mwili huo umegawanyika sehemu mbili, ya juu na ya chini, zinazoshikana kwa pini. Kwa Kifaransa, lugha ya vitabu vya jeshi letu, ya juu inaitwa boîte de culasse na ya chini carcasse. Hapa nitasema mwili wa juu na mwili wa chini, tusichoshane.

Mwili wa juu ndio unaobeba nguvu. Risasi inapolipuka, moto na msukumo wote unapita huko, ndiyo maana huchakaa, hupasuka, au hupinda bunduki ikitumiwa vibaya. Fundi wa silaha wa kambi anapoubadilisha hafanyi kosa lolote. Anafanya kazi yake, kama fundi wa gari anayebadilisha injini. Na mfano huo wa gari unafaa, kwa sababu gari nalo lina namba ya injini na namba ya chasi, na kila mtu aliyewahi kununua gari la mkono wa pili pale mjini anajua kwa nini mnunuzi mwerevu anaziangalia zote mbili.

Sasa tuje kwenye bunduki zilizopita hapa kwetu, maana kila moja inajibu swali letu kwa namna yake.

Tuanze na FAL. Ilitengenezwa Herstal, karibu na Liège, Ubelgiji, kwenye kiwanda cha Fabrique Nationale, na aliyeichora ni Dieudonné Saive. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alipotangaza uhuru wa Katanga, siku 11 tu baada ya uhuru wa Kongo, alihitaji jeshi haraka. Jandarma ya Katanga ilipata maofisa wa Kibelgiji, kisha mamluki, na FAL ilikuwa kati ya silaha zake. Mwaka uliofuata, Septemba 1961, askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Ireland walizingirwa Jadotville, yaani Likasi ya leo, kwa siku tano. Wao pia walikuwa na FAL, maana jeshi lao lilikuwa limeanza kuipokea mwaka huohuo. Kwa hiyo bunduki za kiwanda kimoja zilielekezana mitutu, kilomita chache kutoka kwenye tanuru za shaba.

FAL inafunguka katikati kama bunduki ya kuwindia ndege: mwili wa juu na wa chini vinashikwa na pini moja kubwa, unafungua na kusafisha. Kifyatulio na kitako viko chini. Mtutu na bolti viko juu. Kwa FAL, mwili wa juu ndio unaochukuliwa kuwa bunduki. Huko Marekani FAL nyingi kuukuu za majeshi ziliingia zikiwa zimekatwakatwa mwili wa juu, na vipande vyote vilivyobaki viliuzwa kwenye mifuko kama vipuri vya kawaida. Mbele ya sheria, bunduki ilikuwa imekufa pale msumeno ulipopita kwenye mwili ule.

Halafu ikaja M16. Mobutu alikuwa rafiki wa Washington, na jeshi lake la FAZ lilipata M16 za Marekani. Wazee wa Kolwezi waliokuwa watu wazima mwaka 1978, wakati wa vita tuliyozoea kuiita Shaba ya pili, wanaweza kukueleza tofauti ya mlio wake na ule wa AK walizokuja nazo Matigri wa Katanga kutoka Angola. M16 nayo ina mwili wa juu na wa chini, umeshikwa na pini mbili, lakini jibu lake ni kinyume kabisa cha FAL. Namba iko kwenye mwili wa chini, ule wenye kifyatulio na nafasi ya magazini. Mwili wa juu, pamoja na mtutu na bolti, hauna namba ya bunduki.

Angalia matokeo yake. Kwa FAL, ukibadilisha mwili wa juu umebadilisha bunduki mbele ya sheria. Kwa M16, na kwa ndugu yake ya kiraia AR-15 ambayo ni nusu-otomatiki, ukibadilisha mwili wa juu kwa sheria ya Marekani hujabadilisha chochote. Ndiyo maana huko mtu ananunua mwili wa juu mpya kwa posta kama anavyonunua kiti cha baiskeli, bila kuulizwa kitambulisho cha silaha. Anaweza kuwa na mwili mmoja wa chini na miili mitatu ya juu, mmoja wa kulenga mbali, mmoja mfupi, mmoja wa risasi za aina nyingine, na serikali inamhesabia bunduki moja.

Wamarekani wenyewe waligundua kwamba mambo haya hayakukaa sawa. Sheria yao ya zamani ilieleza mwili wa bunduki kuwa kipande kinachobeba nyundo, bolti na vyombo vya kufyatulia, na ambacho mara nyingi kina uzi wa kuushika mtutu. Kwenye AR-15 hakuna kipande hata kimoja chenye hayo yote. Nyundo iko chini, bolti na mtutu viko juu. Mwaka 2019 kesi moja ya California ilikaribia kuyumbisha kila kitu, kwa sababu ya wakili aliyesoma sheria neno kwa neno. Mwaka 2022 wakala wa serikali unaosimamia silaha, ATF, ulitoa kanuni mpya iliyosema wazi kwamba kwa AR-15 ni mwili wa chini. Machi 2025 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikataa kuifuta kanuni hiyo.

Ulaya ilichukua njia nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo yenye akili zaidi. Baada ya mashambulizi ya Paris ya mwaka 2015, Umoja wa Ulaya ulirekebisha agizo lake la silaha. Agizo la tarehe 17 Mei 2017 linataja vipande vya lazima vya bunduki: mtutu, mwili, na hapo likaongeza kwamba ni pamoja na wa juu na wa chini, halafu bolti na vinginevyo. Kipande cha lazima kikiuzwa peke yake, kinahesabiwa kama silaha. Hakuna tena kubishana kama roho ya bunduki iko juu au chini.

Lakini bunduki utakayoiona kwenye turubai la Lubumbashi leo mara nyingi si FAL wala M16. Ni AK, au mdogo wake wa Kichina, Type 56. Hii haina mwili wa juu na wa chini. Ina sanduku moja la chuma, na juu yake mfuniko mwembamba ambao hauzuii chochote zaidi ya vumbi; bunduki inapiga hata ukiutoa. Wasioijua huuita huo mfuniko mwili wa juu, na hapo tunaanza kupotoshana. Namba ya AK kwa kawaida iko upande wa kushoto, mbele, pale mtutu unapoingia kwenye mwili. Zile za Kichina za kiwanda namba 66 zina tarakimu hizo ndani ya pembetatu kando ya namba. Kiwandani, tarakimu za mwisho za namba hupigwa pia kwenye bolti, kwenye mfuniko na vipande vingine vidogo, ili vilivyozaliwa pamoja vijulikane.

Hizo tarakimu ndogo ndizo wachunguzi wa silaha wanaozianza nazo. Zikilingana zote, bunduki hii imeishi maisha ya utulivu, labda ghalani. Zisipolingana, imepita mikononi mwa fundi, au bunduki mbili zilizokufa zimezaa moja hai. Na kama namba kubwa imekwanguliwa kwa tupa, bado si mwisho: chuma kilichopigwa muhuri kimebanwa hadi ndani, na maabara yenye dawa zake inaweza wakati mwingine kuirudisha namba ionekane.

Kwa nini tujali? Kwa sababu namba ndiyo njia pekee ya kujua bunduki ilitoka wapi. Tarehe 8 Desemba 2005 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha hati ya kimataifa ya kufuatilia silaha ndogo. Utaratibu wake ni kama wa barua iliyopotea. Nchi iliyokamata bunduki inaandika kwa nchi iliyoitengeneza: mlimuuzia nani? Ile inajibu: tulimuuzia fulani, mwaka fulani. Unakwenda kwa huyo fulani. Hatua kwa hatua unafika pale bunduki ilipotoka kwenye njia halali ikaingia porini. Hati hiyo inataka namba ipigwe kwenye kipande ambacho kikiharibiwa bunduki haiwezi kufufuka tena, na inataja mwili wa bunduki kuwa mfano wa kipande hicho. Inataka pia nchi inayoingiza silaha iongeze alama yake, na silaha haramu ikikamatwa ipigwe alama au iharibiwe.

Hati hiyohiyo inataka daftari za kiwanda zitunzwe angalau miaka 30, na nyingine angalau 20. FAL iliyoingia Katanga mwaka 1960 imepita umri huo mara mbili.

Kwetu Afrika hatukukaa kimya. Itifaki ya Nairobi ilitiwa saini tarehe 21 Aprili 2004, na Kongo imo. Kituo chake, RECSA, kiko Nairobi na kimegawa mashine za kupiga alama kwa nchi wanachama: mashine yenye sindano ngumu inayochonga herufi za nchi na namba kwenye chuma cha bunduki ya polisi au ya askari. Halafu kuna Mkataba wa Kinshasa wa nchi za Afrika ya Kati, uliopitishwa katika mji mkuu wetu tarehe 30 Aprili 2010 na kuanza kufanya kazi tarehe 8 Machi 2017. Nausifu mkataba huu kwa jambo moja: jina lake. Ni refu la kuchosha, lakini ndani yake wameweka silaha ndogo na nyepesi, risasi zake, na vipande vyote vinavyoweza kutumika kuzitengeneza, kuzirekebisha na kuziunganisha. Aliyeandika jina hilo alijua kwamba bunduki husafiri ikiwa vipande.

Wanaolala Lubumbashi hawahitaji kuelezwa umuhimu wa hayo. Jumamosi ya tarehe 23 Machi 2013 mamia ya wapiganaji wa Bakata Katanga waliingia mjini kwa miguu, wakapita barabara kubwa hadi katikati ya mji. Wengi walikuwa na mishale, mapanga na hirizi. Waliokuwa na bunduki walikuwa wachache. Watu zaidi ya 30 walikufa kabla ya wapiganaji waliobaki kujisalimisha kwenye kambi ya MONUSCO. Tarehe 26 Septemba 2020 waliingia tena. Tarehe 14 Februari 2021 walikwenda moja kwa moja kwenye kambi za kijeshi za Kibati na Kimbembe. Mwenye mshale anapoishambulia kambi, kuna kitu anachokitafuta ghalani.

Hapo ndipo hadithi ya namba inapogusa serikali yenyewe. Katika nchi hii walinzi wa kampuni za ulinzi hawaruhusiwi kubeba bunduki. Ndiyo maana kwenye migodi na kwenye benki unamwona polisi amesimama kando ya mlinzi. Sheria ya silaha tuliyo nayo, ya tarehe 3 Septemba 1985, ya enzi za Mobutu, inataka raia awe na kibali. Kwa hiyo bunduki ya vita iliyo halali mjini, kwa kawaida, ni ya serikali. Ikionekana mkononi mwa mwizi wa usiku kule Ruashi, Katuba au Annexe, maswali ni machache: imetoka ghala gani, nani aliitia saini mara ya mwisho, na aliripoti kupotea kwake lini? Bila namba, maswali yote matatu yanakufa palepale. Mwizi anafungwa, bunduki inarudi ghalani, na mlango ilikotokea unabaki wazi.

Tume ya taifa ya kudhibiti silaha ndogo, CNC-ALPC, iko kwa kazi hiyo: kupiga alama, kuweka daftari, kuharibu zisizotakiwa. Lakini alama peke yake haitoshi kama daftari haliendi na fundi. Tuchukue ghala lolote. Bunduki mbili zimeharibika, moja mtutu, moja mwili. Fundi anazifanya moja nzima. Ni kazi nzuri, imeokoa fedha. Kama ameandika kwamba namba fulani imekufa na vipande vyake vimehamia kwa namba fulani, mambo ni sawa. Kama hakuandika, sasa ghala lina bunduki moja na karatasi lina mbili. Ile ya pili, ambayo haipo, inaweza siku moja kutumika kuficha nyingine iliyotoka kwa mlango wa nyuma. Na mwili ulioharibika, kama haukukatwa, uko kwenye kona ya karakana ukiwa na namba halali, ukingoja fundi mwingine.

Kaskazini mwa Katanga tuliwahi kuona upande mwingine wa hesabu hizi. Baada ya vita, shirika la PAREC la mchungaji Daniel Ngoy Mulunda, yule aliyekuja kuongoza tume ya uchaguzi mwaka 2011, liliwapa Mai-Mai baiskeli kwa bunduki. Lete silaha, ondoka na baiskeli. Kwa mkulima wa Mitwaba au Malemba-Nkulu baiskeli ni gari la mihogo, ni ambulensi, ni duka. Wengi walileta. Mpango wowote wa namna hiyo, popote duniani, hukutana mlangoni na swali letu: mtu akileta mtutu bila bolti, anastahili baiskeli nzima? Akileta mwili mtupu? Ukikataa, vipande vinarudi kijijini. Ukikubali bila kuangalia, mwenye bunduki moja atakuja mara tatu. Mimi ningetoa baiskeli kwa mwili, hata ukiwa umeshika kutu. Mbao za kitako atachonga fundi yeyote wa kijijini, maana mafundi wetu wa magobore hawajawahi kushindwa na mbao. Mwili wa AK si mbao.

Mwishoni mwa mwaka 2022 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliondoa sharti kwamba nchi zinazoiuzia Kinshasa silaha zitoe taarifa kwanza. Serikali ilishangilia, na ilikuwa na haki ya kushangilia. Nchi iliyo vitani haipendi kuomba ruhusa. Tangu hapo silaha mpya zinaweza kuingia kwa urahisi zaidi, na kila sanduku linalofunguliwa ni nafasi ya kupiga alama ya Kongo juu ya chuma kabla bunduki haijagawiwa. Baada ya kugawiwa, kazi hiyo inakuwa ya kuifuata bunduki kambi kwa kambi, barabara zetu zikiwa hivi zilivyo.

Turubai litatandikwa tena, labda kabla ya mwezi kwisha. Safari hii nimejiwekea orodha fupi kwenye daftari: aina ya bunduki, namba upande wa kushoto, kama tarakimu za bolti zinalingana, kama kuna alama ya nchi, na kama alama imekwanguliwa. Mkubwa anaweza kunikatalia nisiiguse, na hilo ni sawa, ni kielelezo cha mahakama. Nitamwomba yeye mwenyewe aisome namba kwa sauti mbele ya maikrofoni.